Siku saba, na kwa kidato cha sita ni nne tu

Hii ni hotuba kuhusu kujiandikisha kupiga kura niliyoitoa Jumamosi tarehe 26 Aprili 2025 pale Mwanga, Kigoma, kwa wazazi, walimu na wanafunzi. Mvua iliwazuia wengi wa Ujiji na Kibirizi wakaomba niiweke yote, basi naiweka kama nilivyoongea, na kelele zangu zote.

Mwakeye!

Naona vijana mmenyamaza. Kiha nyumbani mnakiongea, mkifika kwenye mkutano mnajifanya mmeshushwa jana na treni ya Dar. Haya. Wazee wangu shikamooni. Wazazi wenzangu, poleni na mvua. Wanangu hamjambo? Na nyie kaka zangu wa bodaboda mliojibanza mlangoni ingieni ndani jamani, msiogope, nyie ndio ninaowahitaji leo kuliko hata hawa waliokaa mbele, mtaona baadae ni kwanini.

Umeme umekatika, kwahiyo ile projekta aliyohangaika nayo mwalimu tangu asubuhi imebaki pambo. Mimi sioni hasara, nimefundisha Uraia miaka thelathini kwa chaki na koo, na koo bado ninalo.

Leo ni Muungano, siku ya mapumziko, kila mtu alikuwa na pa kwenda, wengine mmeacha dagaa wenu bila mtu wa kuwaangalia na mvua hii, kwahiyo sitawazungusha. Nimekuja na jambo moja. Alhamisi hii inayokuja, tarehe 1 mwezi wa tano, Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi inafungua awamu ya pili ya kuboresha Daftari la Kudumu la Wapiga Kura hapa mkoani kwetu. Tarehe 7 inafunga. Hesabuni kwa vidole. Siku ngapi? Saba. Semeni tena. Siku saba!

Na kabla sijaendelea niseme hili ili tusiangaliane vibaya. Sijavaa kofia ya chama wala sina ya chama chochote kwenye mkoba, mkitaka njooni mfungue mtakuta miwani na michembe. Nani ampigie nani, hilo ni lako na roho yako. Mimi nashughulika na kadi tu.

Sasa niwaulize. Mwaka jana tarehe 20 Julai, uboreshaji wa daftari kwa nchi nzima ulizinduliwa wapi? Dodoma? Dar? Ulizinduliwa hapa! Kigoma! Waziri Mkuu Majaliwa alikuja hapa, ngoma zikapigwa hapa, mitaa ikafagiliwa, na sisi tulikuwa miongoni mwa wa kwanza kabisa kuandikishwa. Sasa mtu akisikia hivo atasema watoto wa Kigoma wote wana kadi, si ndio? Nyoosheni mikono, nyie wa kidato cha tano na cha sita mlio humu, mwenye kadi ya mpiga kura anyooshe mkono. Usiogope, sikuulizi utampa nani.

Mnaona wazazi? Angalieni wenyewe. Mimi sisemi kitu.

Na msije mkaenda nyumbani mkasema vijana wa siku hizi hawajali, ni simu tu. Mimi hilo silikubali. Tangu mwaka jana nimeongea na watoto wengi waliokosa kadi na sikumbuki hata mmoja aliyeniambia hataki. Waliikosa kwa vitu vidogo mno. Tarehe ilipita akiwa hajui, alidhani ameshaandikishwa, alikuwa shule, aliulizwa swali moja akaogopa akageuza. Vitu vidogo vidogo, na vitu vidogo ndio kazi yetu sisi watu wazima, au sio?

Nianze na huyu aliyedhani ameshaandikishwa maana hawa ndio wengi.

Binti wa jirani yangu yuko kidato cha tano, mtoto mwerevu sana, nikimwambia fanya hivi ananiuliza kwanini. Wiki mbili zilizopita amekuja kuchota maji nikamuuliza, mjukuu wangu, kadi unayo? Akanijibu kwa kujiamini, "Bibi mie nilishajiandikisha na kura nilishapiga." Nikashangaa. Ulipiga lini? "Novemba, tulimchagua mwenyekiti wa mtaa." Nikamwambia kaa hapo kwanza, tua ndoo. Walikupiga picha? Hapana. Uliweka vidole kwenye kile kimashine? Hapana bibi, niliandika jina nikasaini. Kadi walikupa? Hawakutoa kadi. Basi mwanangu wewe kwenye daftari haumo.

Mnaelewa kilichotokea? Ule uchaguzi wa tarehe 27 Novemba mwaka jana ulikuwa wa serikali za mitaa, wa wenyeviti wa mitaa na vijiji na vitongoji, ule ulisimamiwa na TAMISEMI, ofisi ya serikali inayoshughulika na serikali za mitaa, na ulikuwa na orodha yake peke yake, watu waliandikishwa mwezi wa kumi kwa siku chache, jina na saini, basi. Orodha ile imeshafanya kazi yake. Hili la sasa ni Daftari la Kudumu, lipo chini ya Tume, ndilo litakalotumika Oktoba mwaka huu kwa Rais, mbunge na diwani. Vitabu viwili tofauti! Hata watu wazima wamechanganyikiwa, baba mmoja alinibishia sokoni mpaka akaanza kunitolea mifano ya mwaka 1995, sikumlaumu, maana majina yanafanana, kujiandikisha na kujiandikisha, kura na kura.

Kwahiyo mkifika nyumbani leo msimuulize mtoto "umejiandikisha?" Atasema ndio, na hatakuwa amedanganya. Muulize hivi: ulipigwa picha? Uliwekwa vidole? Kadi iko wapi niione? Kadi ya mpiga kura unapewa palepale, wanakupiga picha, wanachukua alama za vidole, mashine inatoa kadi yenye sura yako, unaondoka nayo mkononi. Na ni bure. Ukiona mtu anaomba hata ya soda mkatalie. Kama kadi haipo, picha hakupigwa, basi huyo mtoto bado, mpeleke.

Halafu kuna suala la umri, hapa nataka walimu mnisikilize hasa nyie wa kidato cha tatu na cha nne mliokuja kwa kusindikiza wenzenu. Mnadhani jambo hili ni la A-level peke yake. Sio kweli, sio kwa Kigoma. Sisi tunawajua watoto wetu, kuna aliyeanza darasa la kwanza na miaka tisa, kuna aliyesimama masomo mwaka mzima akamsaidia baba yake ziwani, kule Kalya na Sunuka na vijiji vya ziwani, huyu yuko kidato cha tatu na ndevu zimeshaota. Katiba, ibara ya 5, inasema raia aliyetimiza miaka kumi na nane. Haisemi kidato. Na uzuri ni kwamba Tume inamwandikisha hata ambaye leo hajafikisha ila atakuwa ametimiza siku ya uchaguzi. Kwahiyo pigeni hesabu, mtoto aliyezaliwa Septemba 2007 au kabla ya hapo huyo hana maswali, aende. Wa Oktoba 2007 atizame siku yake na siku ya uchaguzi itakapokuwa. Mwalimu wa darasa unayo rejista, majina na tarehe za kuzaliwa zimo, ni kazi ya nusu saa na kalamu nyekundu.

Sasa nije kwa kidato cha sita. Hapa ndio nimelala usingizi wa mang'amung'amu wiki nzima.

Tume inafungua Alhamisi tarehe 1. Mtihani wa taifa wa kidato cha sita unaanza lini? Semeni nyie wenyewe. Jumatatu tarehe 5. Mmeona mtego? Wenzenu wote wana siku saba, nyie mna nne! Alhamisi ambayo ni Mei Mosi, Ijumaa, Jumamosi, Jumapili, kwisha. Jumatatu mnaingia chumba cha mtihani. Na kuna jambo linanichekesha huku linaniuma, kwamba mtoto huyu ataingia kwenye mtihani wa GS, lile somo la General Studies, aandike insha kurasa nne kuhusu demokrasia, sifa za uchaguzi huru, umuhimu wa wananchi kushiriki, apate na A yake, na jina lake kwenye daftari hakuna. Ni sawa na kumpa mtu cheti cha kuogelea hajawahi kushuka pale Kibirizi hata kulowesha miguu.

Najua walimu wakuu watasema, mama usituvurugie watoto, saivi wako kwenye marudio. Nawaelewa, na mimi nilikuwa mwalimu wa taaluma, nilikuwa mkali kuliko nyie. Lakini vituo vinafunguliwa saa mbili asubuhi vinafungwa saa kumi na mbili jioni. Alhamisi ni sikukuu. Watoto ishirini wakienda na mwalimu mmoja asubuhi kabla foleni haijakua, saa nne wako kwenye madawati wanakokotoa. Mbona tukiwa na mechi tunapata nafasi?

Kikubwa kwao sio muda kiukweli, ni mahali. Sikilizeni hapa vizuri maana hata mimi kilinisumbua. Unajiandikisha pale utakapopigia kura. Sasa Oktoba utakuwa wapi?

Mpwa wangu alimaliza kidato cha sita mwaka jana, mwezi wa saba akawa kwangu hapa mjini anasubiri matokeo. Daftari likaja, foleni ya Katubuka ilikuwa fupi, nikamwambia twende, akapata kadi, tukafurahi, tukanunua na migebuka. Kumbe tumefurahi mapema. Saivi anasoma Kasulu, chuo, maisha yake yote yako Kasulu, na kadi yake ni ya Katubuka. Kadi Katubuka, mwili Kasulu. Oktoba akiamka asubuhi ya kupiga kura jina lake limebandikwa kwenye kituo ambacho yeye hayupo. Kosa langu hilo sio lake, mimi ndio niliyekuwa mwalimu wa Uraia nikashindwa kumuuliza mtoto swali moja, wewe mwakani utakuwa wapi?

Ila linarekebishika, na linarekebishika wiki hii hii. Mwenye kadi aliyehama anahamisha taarifa zake, anaweza kuanzia hata kwenye simu kupitia mfumo wa Tume wa mtandaoni, halafu lazima afike kituoni kule anakohamia, huko Kasulu, akamalizie na kupewa kadi mpya. Asije akafanya ujanja wa kujiandikisha upya kama vile hajawahi. Hilo ni kosa la jinai, kujiandikisha mara mbili, na vidole vyako vinakumbuka hata kama wewe umesahau. Aliyepoteza kadi vilevile, au imefutika sababu ilifuliwa na suruali, aende na aseme ukweli kwamba nilikuwa nayo imepotea, atapewa nyingine.

Sasa nyie mlio bweni. Kidato cha tano ni rahisi, Oktoba mtakuwa hapahapa shuleni mkiwa kidato cha sita, jiandikisheni hapa. Kidato cha sita wa kutwa, mnaokaa nyumbani Gungu, Rusimbi, Buzebazeba, nyie pia ni rahisi, jiandikisheni mtaani kwenu. Kazi ni huyu wa kidato cha sita wa bweni ambaye kwao ni Kakonko. Akijiandikisha hapa, Oktoba hayupo. Akienda kwao, Jumatatu ana mtihani. Nimelifikiria hili nikaona niseme wazi: mtoto ambaye keshokutwa ana mtihani wa taifa simpandishi basi. Barabara na mvua hizi, hapana. Ajiandikishe hapa, halafu Oktoba nauli ya kuja kupiga kura ni shauri la yeye na familia yake, wengine watakuja wengine hawatakuja, lakini kadi itakuwepo na jina litakuwa kwenye daftari, huko mbele atahamisha. Bora kadi ya mbali kuliko kutokuwa nayo. Kama kuna mtu ana wazo zuri zaidi ya hili anipe nikimaliza, sijaona bado.

Na msiniambie atajiandikisha baadae. Baadae lini? Sheria inataka daftari liboreshwe mara mbili kati ya uchaguzi mkuu mmoja na mwingine. Ya kwanza ilikuwa Julai mwaka jana. Hii ndio ya pili. Ikipita hii, safari nyingine ni ya kuelekea 2030, huyu mtoto atakuwa na miaka ishirini na tatu na mtoto mgongoni.

Haya, sasa nateremka kwenye lile ambalo Kigoma tunalijua wenyewe na tukienda mikoa mingine tunalificha. Uraia.

Mnacheka nini? Mmeelewa.

Sisi watu wa huku kila tukienda mahali kuchukua karatasi tunaulizwa. Jina lako limekaa kirundi. Lafudhi yako vipi. Bibi yako alizaliwa kijiji gani. Mimi hapa na mvi zangu, nimelipwa mshahara na serikali hii miaka thelathini, niliwahi kuulizwa na kijana mdogo dirishani kama nina uhakika mimi ni Mtanzania. Nikamwambia mwanangu mimi nimekufundishia mama yako! Nilikuwa naongopa, mama yake simjui hata, ila alinyamaza.

Mimi ni mtu mzima nina mdomo. Mtoto je? Mwaka jana nilikuwa nasindikiza vijana kwenye kituo kimoja kule upande wa Buhigwe, sitataja, karibu na mpaka. Kijana mmoja mrefu, mpole, wa kidato cha tano, amepanga foleni tangu asubuhi. Amefika mezani, mmoja wa waliokuwa pale akamuuliza, babu yako mzaa baba amezikwa wapi? Kijana akanyamaza. Hajui! Nyie mnajua babu zenu wamezikwa wapi wote? Baba yake alikufa akiwa mdogo, kalelewa na mama. Akainama, akatoka kwenye foleni, akaondoka kimyakimya wala hakugombana na mtu. Na huyo aliyeuliza kwa akili yake alikuwa anafanya kazi, maana kweli daftari ni la raia, sio la kila aliyepita. Lakini mtoto alivyoondoka vile, hilo lilinikaa hapa kifuani.

Nikamfuata. Nikamwambia mwanangu hujafukuzwa, umeulizwa. Twende kwa mama yako. Mama alikuwa shambani, tukamsubiri, akaja na kanga yake na udongo miguuni, tukapita kwa mwenyekiti wa kitongoji ambaye alimjua huyu kijana tangu anatambaa. Tukarudi wanne. Mama akaulizwa swali lilelile, akalijibu kwa sentensi moja, kaburi liko kule chini ya mwembe mkitaka nawapeleka. Dakika kumi mtoto ana kadi. Dakika kumi!

Mnaona nilichojifunza? Sikuhitaji mwanasheria. Nilihitaji mama na mwenyekiti. Kwahiyo mzazi wa Manyovu, wa Kagunga, wa Mabamba huko Kibondo, usimtume mtoto peke yake kama unavyomtuma dukani. Nenda naye. Cheti cha kuzaliwa kama kipo beba, kitambulisho cha shule beba, kama vyote havipo nenda naye hivohivo, mdomo wako ni ushahidi. Na usiku kabla ya hapo mkae mumwambie mtoto babu yake nani, alitoka wapi, kazikwa wapi. Hayo si ya daftari tu bwana, mtoto anatakiwa ayajue.

Na niseme upande wa pili bila kupepesa. Ambaye si raia asijiandikishe. Tuna wageni wetu kwenye kambi, Nyarugusu na Nduta, watoto wao wengine wanacheza mpira na wa kwetu, tunawapenda, lakini daftari hili si lao, na anayemdanganya mtoto wa mkimbizi akajiandikishe anamtafutia matatizo makubwa. Waliopewa uraia kihalali kwa tajnisi, hao ni raia kama mimi, wapange foleni na asiwanyanyase mtu.

Kuna kijana aliniuliza juzi, na najua wengi humu mnalo swali hilo ila mnaogopa wazazi. Akasema, Mwalimu, ya nini yote haya, kura yangu itabadili nini? Nchi saivi ina mabishano, kuna wanaosema twende kwenye uchaguzi, kuna wanaosema mpaka mambo yabadilike kwanza. Mimi sikuja kuwaamulia hilo na nikijaribu nitakuwa nimewadanganya kuhusu kofia. Ila niwape kisa.

Januari mwaka 1958, hapo Tabora, njia hii hii ya reli, TANU walikaa mkutano mkubwa. Mkoloni alikuwa ameleta uchaguzi wa ajabu, kura tatu, yaani mpiga kura anatakiwa achague Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja, la sivyo kura yake imeharibika. Na kuwa mpiga kura kulikuwa na masharti ya kipato, au kisomo, au kazi unayofanya. Wakabishana hasa. Nyerere akasema tuingie hivyohivyo. Zuberi Mtemvu akakataa, akatoka, akaanzisha chama chake. Yaani haya mabishano ya tuingie au tususe hayajaanza na nyie wa Instagram, babu zenu waliyakesha hapo Tabora.

Sasa baba yangu mimi wakati huo alikuwa kibarua wa reli hapa stesheni. Alikuwa na maoni? Alikuwa nayo mengi, mzee yule alikuwa akianza kuongea ugali unapoa. Lakini kwenye mabishano yale hakuwa na cha kuweka mezani. Aseme nitapiga? Hana sifa. Aseme nasusa? Unasusa nini, chakula ambacho hukuandaliwa? Alikuwa anatuambia hivyo tukiwa wadogo, mimi nilisimama pembeni nikaangalia wenye viatu wanaingia. Nikikumbuka maneno yale hata leo…

Basi. Nilichomjibu yule kijana ni kwamba kadi haikulazimishi. Oktoba ukiamua kwenda, utaenda. Ukiamua kukaa nyumbani, utakaa, na utakuwa umeamua wewe. Asiye na kadi hajaamua kitu, ameamuliwa na tarehe 7 mwezi wa tano. Baba yangu alidaiwa kipato au kisomo au kazi, wewe unadaiwa vitu viwili, uwe raia na uwe na miaka kumi na nane, na uamke asubuhi.

Wengine mnataka kadi kwa ajili ya kitambulisho tu sababu kile cha taifa cha NIDA kimechelewa, najua, msione aibu. Chukueni. Hata aliyeingia msikitini kukwepa mvua, adhana ataisikia.

Na kama mnadhani nyie ni wachache hamhesabiki, Tume yenyewe ilipoanza zoezi hili ilisema daftari la 2020 lilikuwa na watu 29,754,699, na ikakadiria kuandikisha wapya 5,586,433. Milioni tano na nusu wapya! Hao wapya ni kina nani? Si wazee, wazee tulishaandikwa. Ni nyie na wenzenu.

Haya nimalizie na kazi, maana nimeona mama mmoja anaangalia saa, dagaa wananyeshewa.

Awamu hii vituo ni vichache kuliko mwaka jana. Ile ya kwanza nchi nzima vilikuwa 40,126, karibu kila mahali, saivi sio hivo, usitegemee kituo kitakuwa palepale chini ya mti ulipojiandikishia wewe. Pitieni ofisi ya kata kabla ya Alhamisi muangalie tangazo. Mkifika kituoni mtakuta na daftari la awali limewekwa wazi, mwenye kadi aangalie jina lake limeandikwa sawasawa, maana sisi majina yetu ya Kiha wanayakata wanavyotaka, herufi moja ikiruka umekuwa mtu mwingine. Na kama kuna ndugu amefariki, wasemeni wamtoe.

Kaka zangu wa bodaboda, sasa zamu yenu. Mei Mosi asubuhi nahitaji pikipiki kumi na tano. Watoto wa kidato cha sita wa kutwa, saa moja na nusu, wakachukuliwe majumbani wapelekwe kwenye vituo vya kata zao na warudishwe kusoma. Mafuta tumechanga walimu wastaafu wanne, sio mengi, yanatosha Alhamisi na Ijumaa asubuhi tu. Abiria mmoja mmoja, na helmeti, sitaki mishikaki, kadi haipewi maiti. Nani yuko tayari? Wewe wa koti la njano, mmoja. Wawili. Na yule pale, watatu. Jamani kumi na tano nimesema!

Wazazi, kuna daftari la kaunta pale mezani kwa mwalimu wa malezi. Daftari la kawaida, msichanganye na lile la Tume. Andika jina la mtoto, mtaa, kidato, na namba yako ya simu, na kama hana mtu wa kwenda naye weka alama ya nyota nitaenda naye mimi. Wa Bangwe na Katonga jiandikeni ukurasa wa nyuma maana huko napita Jumamosi.

Mama wa dagaa, wewe anza, usipange foleni. Wa nne huyo, wa tano… koti la njano njoo na rafiki yako huyo anayejificha.